Safu Isiyokuwepo

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza ile,
uwanja wa Makole, saruji imepasuka upande wa kaskazini,
kalamu mbili, filimbi ya akiba, kokoto juu ya karatasi,
maana upepo wa Dodoma mwezi wa saba haumwogopi karani.
Karatasi ina safu ya pointi. Ina safu ya faulo.
Ndahani, safu yako haikuwepo.

Niliandika: namba kumi na nne, pointi mbili.
Siku nyingine: sifuri, faulo tatu.
Aliyesoma kesho yake alidhani ulikuja kutembea.
Karatasi haikumwambia kwamba yule mfungaji wa Morogoro,
aliyeshuka basi na pointi thelathini mdomoni,
alipanda tena na tisa,
tano kati ya hizo za mitupo ya faulo.

Ulijifunzia wapi? Kocha Mlugu alidai ni kwake.
Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.
"Huyu ameamia uwele Mvumi tangu hajaota meno ya pili,
kutwa juu ya dungu, mikono hewani,
kwelea kwelea elfu na yeye mmoja.
Ndege hapigwi, mwanangu. Ndege anakatishwa tamaa,
anatua shamba la jirani
akidhani kaamua mwenyewe."

Basi ndivyo ulivyocheza.
Hukuangalia mpira, mpira ni mwongo.
Hukuangalia macho, macho ni mashahidi wa kununuliwa.
Uliangalia kiuno.
Kiuno kikielekea kushoto, ulikuwa umeshafika kushoto,
umesimama kama mtu anayesubiri wageni.

Dar walikuchukua msimu mmoja na nusu.
Kigali miwili; ulinunua koti, ukaliacha kwenye kochi la mtu.
Kisha Tunisia, ambako kocha hakuwa na lugha yako
wala wewe yake. Alinyoosha kidole: yule.
Ukamfuata yule dakika thelathini na nane,
mpaka yule akawauliza wenzake kama mna ugomvi wa ukoo.
Mfungaji wenu alipewa gari. Wewe kadi ya basi,
na mkataba wa miezi minane, mrefu kuliko yako yote.

Jumapili ulipiga simu. Baba yako, sauti ya juu
kana kwamba Tunisia iko ng'ambo ya bonde:
"Umefunga ngapi?"
"Nne, baba."
Kimya.
"Lakini unakula?"

Fainali ile niliiona kwenye simu ya kijana wa bodaboda,
sekunde sita za video. Mtu anaruka, anakosa,
wenzako wanambeba mfungaji, yule mwenye gari.
Nikamwambia kijana, rudisha. Rudisha tena. Simamisha.
Pembeni ya kioo palikuwa na mkono, mkono tu,
mwili wote umebaki nje ya picha.
Nikasema, huo ni wa Mvumi.
Akaniambia, mama, bando langu linaisha.

Goti lilikurudisha. Sanduku moja,
viatu namba arobaini na nane visivyomtosha mtu wilaya nzima.
Sasa unafundisha watoto Jumamosi, pale kwenye ufa,
na hawapendi: wanataka kurusha,
wewe unawaambia wainue mikono na watulie.

Jana nilikuletea daftari. Sijawahi kumwonyesha mtu.
Kila mchezo wako wa nyumbani, baada ya kufunga hesabu rasmi,
nilichora humu vistari: kimoja kwa kila mpira
ambao mtu alitaka kuurusha, akakuona, akaurudisha nyuma.
Elfu moja mia nne na kumi na mbili.
Kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Ulisoma polepole, goti limenyooshwa juu ya kiti,
ukurasa, ukurasa, kidole kikishuka kama cha mkaguzi.
Ukasimama kwenye mchezo wa Iringa, robo ya nne.
"Hiki si changu," ukasema.
"Yule aliteleza."

Nikatoa kalamu.
Elfu moja mia nne na kumi na moja.